Kuendesha Nyumba Yenye Watoto Wadogo kwa Pesa ya Kubana: Mwongozo Kamili

Kodi ya nyumba na ada unazijua tarehe zake, kwa hiyo hazikushtui. Pesa inayoshangaza ni ile inayotoka jioni: mmoja analia njaa, mwingine kalowa, sufuria bado haijabandikwa, na wewe mwenyewe umechoka hoi. Saa hiyo hununui kwa hesabu, unanunua ili kelele ziishe. Kwa hiyo mwongozo huu unasimama juu ya jambo moja: maamuzi ya pesa yafanywe mapema, kichwa kikiwa kimetulia, ili uchovu ukifika usikute cha kuamua.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Mbili za mwanzo ni kazi ya daftari na kalamu, na wengi huziruka kwa kuwa zinachosha. Ukiziruka, zilizobaki zitakusaidia nusu tu.

Hatua ya kwanza: Andika kila kinachotoka kwa mwezi mmoja

Tumia daftari la kawaida. Programu za simu za kuandikia matumizi zipo na ni nzuri, lakini mzazi anayefungua simu aandike bei ya nyanya hujikuta robo saa baadaye bado anatazama video za watu. Daftari liwe mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba analiona, na kalamu ifungwe kwa kamba, maana watoto wataibeba.

Kila matumizi yapate mstari wake: tarehe, kitu, kiasi. Mwisho wa mstari weka herufi moja. L ni lazima, yaani kodi, maji, umeme, unga, sabuni. W ni mahitaji ya watoto. U ni uchovu. Chakula kilichonunuliwa tayari kimepikwa kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kupika ni U. Biskuti za kumnyamazisha mtoto kwenye foleni ni U. Gari la kukodi kwa sababu mlichelewa kutoka, U. Nepi za rejareja zilizonunuliwa usiku kwa bei ya kuumiza baada ya pakiti kuisha bila mtu kugundua, hiyo nayo ni U.

Mwezi ukiisha, jumlisha U peke yake. Kisha pitia kila U na uandike pembeni ilitokea saa ngapi na ni kitu gani kilikosekana nyumbani. Utakuta zinajirudia saa zilezile na kwa sababu tatu au nne tu. Hizo sababu ndizo utakazozishughulikia kuanzia hatua ya tatu.

Kama mko wawili, wekeni sharti: daftari si mahakama. Siku baba atakapoanza kumhoji mama juu ya U zake, au mama kumhoji baba, ndiyo siku ya mwisho ya kuandikwa ukweli ndani yake.

Hatua ya pili: Gawa pesa kwa wiki, na ugawe kwa tano

Bajeti ya mwezi mzima ni ndefu mno kwa nyumba yenye watoto wadogo. Wiki moja ya mafua inatosha kuivuruga, na ikishavurugika watu huitupa. Wiki ni kipimo unachoweza kukishika.

Pesa ikiingia, toa kwanza malipo yasiyosubiri. Inayobaki ndiyo ya matumizi ya nyumbani, na wengi huigawa kwa nne. Igawe kwa tano. Mwezi wa siku 30 au 31 una wiki nne na siku mbili au tatu juu yake, na siku hizo ndizo zinazowapeleka watu kukopa dukani. Tuseme zimebaki 100,000. Kila wiki inapata 20,000. Fungu la tano linabeba zile siku za ziada, ambazo kwa kiwango hicho zitakula kama 5,700 hadi 8,600, na kinachobaki kinaingia akiba ya dharura. Akiba imepatikana bila kuitafuta.

Mafungu yatenganishwe kweli, ama kwa bahasha ama kwa akaunti ya simu inayoruhusu kutenga pesa. Bahasha ya wiki ya tatu haifunguliwi wiki ya pili. Wiki ikiisha na bahasha ina kitu, hicho ni cha akiba pia.

Wenye kipato kisichotabirika, yaani vibarua na biashara ndogo, wachukue mwezi mbaya kuliko yote katika miezi sita iliyopita na kupanga kwa kiwango hicho. Mwezi mzuri ukija, kilichozidi kifanye kazi mbili tu: kulipa deni na kujaza akiba. Kupandisha matumizi kwa sababu ya mwezi mmoja mzuri ni jambo linalojulikana mwisho wake.

Kisha yale yanayokuja mara moja kwa mwaka, kama viatu, sare na safari ya kwa bibi: jumlisha, gawa kwa 12, utenge kila mwezi. Hayo si dharura. Sikukuu ina tarehe.

Hatua ya tatu: Jikoni

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo U nyingi huzaliwa.

Andika milo saba ya jioni ambayo familia yako inaila bila ugomvi. Isiwe ya kwenye picha, iwe ile unayoweza kuipika mtoto akiwa kiunoni. Ibandike ukutani na uirudie kila wiki. Watu wazima huona ni uchoshi, lakini watoto wadogo hupenda kujua Jumanne kuna nini, na wewe hutasimama mbele ya jiko ukijiuliza. Mlo mmoja kati ya saba uwe wa dakika 15, kwa mfano mayai na viazi vilivyochemshwa tangu asubuhi. Huo ni wa siku itakayoharibika, na huhamishwa kwenda siku yoyote. Vitu vyake visiguswe kwa kazi nyingine.

Kutoka kwenye orodha hiyo ya milo ndipo orodha ya sokoni inatoka. Ununuzi mkubwa uwe mara moja kwa wiki, ukiwa umeshiba, na watoto wakibaki nyumbani ikiwezekana.

Maharage na jamii zake ndiyo protini ya bei nafuu kuliko nyama karibu kila mahali, na kinachowakwamisha watu ni muda wa kuyapika. Yapike mara moja kwa siku kadhaa. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, weka mapya, kisha chemsha. Maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 mwanzoni kabla ya kupunguza moto, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayotapisha, na moto wa chini peke yake hauiondoi. Yakiiva bila chumvi wala viungo, yagawe. Fungu la leo liunge. Fungu la mtoto liponde. Mengine yaache yapoe kidogo, yaweke kwenye vyombo vidogo na uyaingize kwenye friji kabla saa mbili hazijaisha. Kwenye friji baridi vizuri, chini ya nyuzi 5, yale ndani ya siku tatu. Yakigandishwa kwenye friza hukaa wiki nyingi. Kila ukipasha, pasha mpaka yatoe mvuke katikati ya sufuria. Usiye na friji, pika ya mlo huo tu, lakini endelea kuloweka usiku: yaliyolowekwa huiva upesi na kupunguza gesi au mkaa.

Mtoto mchanga hana haja ya chakula chake cha pekee cha kununua. Mpaka miezi sita, maziwa ya mama yanatosha bila hata maji. Kuanzia miezi sita anaanza vyakula laini huku akiendelea kunyonya, na Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha kuendelee hadi miaka miwili au zaidi. Vyakula hivyo vinaweza kutoka kwenye sufuria ya familia: chota chake kabla ya kutia chumvi na pilipili, ponda kwa uma, ongeza mafuta kidogo. Umri huo anahitaji sana madini ya chuma, hivyo maharage, dengu, yai, samaki au nyama vikipatikana viwe na tunda au mboga yenye vitamini C, inayosaidia mwili kuyachukua. Chai isimkaribie, inazuia.

Mambo machache ya maziwa, kwa kuwa hapa kubana vibaya kunaumiza. Anayetumia maziwa ya kopo asiyachanganye na maji mengi ili yadumu. Mtoto anajazwa maji na kukosa lishe, na anaweza kuugua sana. Maziwa ya ng'ombe hayawi kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka mmoja. Baada ya mwaka, yale makopo yanayoandikwa kuwa ni ya kukuzia watoto hayahitajiki, maziwa ya kawaida na chakula cha kawaida yanatosha. Hapo watu wengi wanaokoa pesa nzuri kwa kuacha tu kununua. Asali isitolewe kabla ya miezi 12. Juisi nayo ipitie mbali. Maji ni bora na hayaozeshi meno.

Chakula kinachotupwa ni pesa, na kwenye nyumba ya watoto hutupwa kwenye sahani zao. Mpakulie kijiko kimoja au viwili, aongezewe akimaliza. Chakula kipya kiwe kipande kidogo kama kidole gumba kando ya anachokijua. Akikikataa, usiseme kitu, kilete tena wiki ijayo. Watoto wengi huhitaji kukutana na chakula mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali, kwa hiyo kumjazia sahani nzima ya mboga mara ya kwanza ni kuinunulia ndoo ya taka. Na ukimpikia kingine kila anapokataa, umejiongezea sufuria ya pili ya kila siku.

Hatua ya nne: Nepi, nguo, viatu

Mtoto mchanga hubadilishwa hata mara 10 kwa siku. Nepi za kitambaa 24 zinatosha kufua kila baada ya siku mbili: 20 za siku hizo mbili, na nne za kutumia wakati hizo ziko kambani. Zifuliwe kwa maji ya moto, zisuuzwe vizuri, zianikwe juani. Dawa ya kulainishia nguo usitie, inazifanya zisinyonye. Kama kazi ya kufua inakushinda, changanya: kitambaa mchana, ya kutupa usiku na safarini. Matumizi yanapungua zaidi ya nusu na hujamaliza mgongo wako. Sioni fahari yoyote katika kutumia kitambaa kwa asilimia mia huku mama halali.

Kwa za kutupa, piga hesabu ya nepi moja. Pakiti ya 20 kwa 600 ni 30 kila moja. Pakiti ya 60 kwa 1,700 ni kama 28. Kubwa inaonekana nafuu, na ukizimaliza zote umeokoa 100. Lakini mtoto akihamia saizi nyingine baada ya kutumia 40, ulichokilipia 1,700 kingekugharimu 1,200 kwa pakiti mbili ndogo. Kwa hiyo pakiti kubwa inunuliwe mtoto akiwa ndiyo kwanza ameingia saizi hiyo. Akianza kuachwa alama mapajani, rudi kwenye pakiti ndogo. Hesabu hii ya bei kwa kipimo kimoja itumie pia kwa sabuni, mafuta na unga. Mara nyingine pakiti kubwa ndiyo ghali.

Nguo za mtoto chini ya miaka mitatu ziwe chache na za kuazimana. Nunua za mitumba, pindo zikunjwe. Zilizombana ziingie kwenye boksi lililoandikwa umri, kwa anayefuata nyumbani au kwa jirani atakayekurudishia fadhila.

Viatu ndivyo pa kuwa mwangalifu: rahisi ina gharama. Mtoto asiyetembea hahitaji viatu vya soli. Anayetembea, msimamishe kwenye kadibodi usiku, chora mguu mkubwa zaidi, ongeza sentimita moja mbele ya dole gumba, ukate. Nenda dukani na kadibodi hiyo bila mtoto, uiingize ndani ya kiatu. Ikijikunja, kiatu ni kidogo. Rudia kupima kila miezi miwili au mitatu, miguu yao hukua upesi.

Hatua ya tano: Pangia ile saa mbaya

Angalia daftari lako: U zinaanguka wapi? Kwa nyumba nyingi ni kati ya saa kumi na moja na saa mbili usiku. Sasa irudishe kazi ya saa hiyo nyuma. Mboga zikatwe asubuhi au watoto wakilala mchana. Maji ya kuoga yatengwe kabla giza halijaingia. Kitafunwa cha saa kumi kiwe cha kushibisha, tunda na kitu cha wanga, ili njaa isiwapande nyote kwa wakati mmoja. Aoge kwanza, ale baadaye, au kinyume chake. Chagua mpangilio mmoja usibadilike. Mtoto anayejua kinachofuata hubishana kidogo.

Usingizi nao ni suala la pesa, ingawa hausemwi hivyo. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku, wa mitatu hadi minne saa 10 hadi 13, pamoja na usingizi wa mchana. Akilala mapema, wewe unapata saa moja ya kuloweka maharage, kuandika daftari na kupumzika. Ukikosa saa hiyo, kesho jioni unanunua chakula nje.

Pia weka mfuko mmoja wa safari usiovunjwa: chupa ya maji, kitafunwa kikavu, nepi mbili, nguo ya kubadilisha, kitambaa cha kufutia, mfuko wa plastiki. Ujazwe mara mnaporudi, kabla ya kukaa. Ukiujaza wakati wa kutoka, utasahau maji, na maji ya njiani ni ghali.

Hatua ya sita: Michezo

Hii ni fupi. Vifuniko vya sufuria, mwiko, maboksi, vitambaa, chupa zenye vifuniko vilivyokazwa. Gawa vichezeo mafungu mawili, moja lifichwe, mbadilishe kila wiki. Lililofichwa hurudi likiwa jipya. Kisichoingia kwenye mchezo ni chochote kinachotosha kumezwa, hasa betri ndogo za mviringo, ambazo huunguza koo ndani ya saa chache. Ndoo ya maji pia isiachwe wazi. Mtoto mdogo huzama kwenye maji ya sentimita chache.

Simu si mlezi wa bure, inakula vifurushi. Shirika la Afya Duniani linashauri kioo cha simu au televisheni kisitumike kabisa chini ya mwaka mmoja, wala mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele yake, na kuanzia miaka miwili hadi minne kisizidi saa moja kwa siku. Ukitaka kuitumia, pakua video mbili tatu mahali penye intaneti ya bure, aangalie hizohizo. Hachoki kurudia.

Hatua ya saba: Mahali pa kutobana

Chanjo na siku za kliniki zisirukwe hata nauli ikiwa ngumu. Ugonjwa mmoja unameza nauli za mwaka. Sabuni ya kunawia mikono iwepo daima, kabla ya kula na baada ya choo, kwa sekunde 20.

Weka nyumbani pakiti za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini (ORS). Mtoto akiharisha, mwanzishie mapema, kidogokidogo kwa kijiko, huku akiendelea kunyonya na kula. Pakiti zikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi. Yakifika saa 24, mwaga, tengeneza mengine. Kwenye kituo cha afya uliza pia vidonge vya zinki, hutolewa kwa siku 10 hadi 14.

Antibiotiki zilizobaki za mtoto wa jirani usizitumie, hata kama dalili zinafanana. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kutoamka vizuri, akitoa choo chenye damu, mpeleke kituo cha afya mara moja. Vivyo hivyo mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi. Fungu la akiba lipo kwa ajili ya usiku kama huo.

Hatua ya nane: Mwezi usiotosha

Utakuja, hata kwa waliopanga vizuri. Andika orodha ya kulipa kabla ya kugusa pesa: chakula, paa, maji na nishati ya kupikia, dawa, nauli ya kazini, kisha madeni. Mwenye nyumba na mwenye duka waambie kabla ya tarehe, utaje kiasi unachoweza na siku utakayolipa. Anayekuja mapema na kiasi mkononi husikilizwa kuliko anayezima simu.

Mikopo ya haraka ya kwenye simu iogope. Ada ya asilimia 10 kwa mwezi inasikika ndogo, lakini ukiiendeleza mwezi hadi mwezi kwa mwaka umelipa asilimia 120 ya ulichokopa, na deni lenyewe bado lipo. Kama ni lazima, kopa kiasi cha kitu kimoja kilichotajwa, na urejesho wake uandikwe kama mstari wa kwanza wa mwezi ujao, juu ya kodi.

Watoto wenye miaka minne au mitano waambiwe kwa maneno mafupi: "Leo tunanunua vilivyo kwenye orodha." Mpe yeye aishike hiyo orodha, na achague tunda moja kati ya mawili uliyokwisha kuyapangia pesa.